Stoo Niliyoifagia Mwenyewe

Waliosoma wiki iliyopita wanajua niliishia wapi. Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa maandazi kabla hajalifikia, nitamweleza kwa kifupi.

Naitwa Amosi. Ni Mgogo wa Gairo, nauza karanga. Mke wangu Regina, Mluguru, alifariki mwaka jana akaniachia mtoto mmoja, Happiness, aliye darasa la saba. Nyumba yetu iko Bigwa, chini ya mlima. Matofali yake niliyafyatua kwa mikono yangu, lakini kiwanja ni cha ukoo wa kina Regina, na kwao ardhi inapita kwa mama. Kwa hiyo matofali yangu yamekaa juu ya udongo wa watu.

Baada ya misa ya kumaliza msiba, mjomba wake Regina, mzee Tomasi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, aliniita pembeni. “Mkwe,” akasema, “hatukufukuzi. Ila mwenye kiwanja hayupo tena.”

Mtu akikwambia hakufukuzi, ujue umeshafukuzwa.

Akasema ukoo utakaa Jumapili kuzungumza mambo ya nyumba. Mimi nikajisemea, hiyo Jumapili hainikuti. Nikapanga vyumba Mikese, pale barabarani mabasi yanaposimama, karanga haziwezi kulala. Nikaagiza kirikuu, kigari cha mizigo, kije Jumamosi. Nitabeba vitu vyangu, nitamchukua mwanangu, wao wakija wakute kuta.

Maana hofu yangu haikuwa nyumba. Nyumba nitajenga nyingine Mungu akinipa uzima. Hofu yangu ilikuwa Happiness. Kwetu mtoto ni wa baba. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti. Nilijua wakishakaa kikao watamkumbuka, na wakimkumbuka nitaondoka Bigwa peke yangu.

Najua kuna msomaji ameshaanza kusema, “Si aende ustawi wa jamii, sheria ipo.” Nenda wewe. Ukirudi uishi na hao watu.

Basi hiyo Jumamosi ikafika.

Vyumbani nilimaliza mapema. Kitanda kinafunguliwa, godoro linaviringishwa, mtu anahama. Kinachomshinda mtu ni stoo.

Stoo yetu ilikuwa nyuma, imepakana na jiko, na juu yake kulikuwa na dari la mianzi ambako Regina alikuwa akiweka mahindi ya mbegu yapate moshi. Yule mwanamke alikuwa hatupi kitu. Nilikuta madumu ya mafuta ya alizeti, mengine yametoboka. Nilikuta baiskeli isiyo na magurudumu. Nilikuta ile mifuko ya plastiki ambayo serikali ilishaipiga marufuku, ameikunja vizuri, ameitia ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Nilikuta beseni aliloogeshewa Happiness alipokuwa mchanga, na hapo nilikaa chini kidogo.

Happiness alikuwa ananipokelea vitu mlangoni na kuvipeleka kwenye gari. Tangu nilipomwambia kwamba tunahama alikuwa hasemi sana. Nikimtuma anakwenda, nikimwita anaitika. Mimi nikaona mtoto amekuwa mtii.

“Hodi humu.”

Sauti ilikuwa ya Regina kabisa. Lakini alikuwa Judith, mdogo wake, fundi cherehani wa mjini, ambaye Mungu alimpa sauti ya dada yake bila kutuuliza sisi tutakaobaki tukiisikia.

“Karibu, shemeji.”

“Nimeshakaribia. Mbona mnahama kama mmefukuzwa na nyuki?”

“Nani amekwambia nahama leo?”

“Gari limejaa vitanda limesimama njiani, shemeji. Mtu aambiwe nini tena?”

Akajifunga kanga kiunoni, akaingia kazini. Nikajua ametumwa kunihesabia vitu. Na kweli, hakukaa akaanza. Akaenda kwenye gari, akarudi amekumbatia kinu.

“Hiki kinabaki.”

“Kinu hicho nilikinunua mimi.”

“Ulinunua wewe. Alikuwa anatwanga nani?”

Kinu kikabaki, ungo ukabaki, na chungu cha mboga kikabaki. Vyote vikarudi jikoni kwetu, yaani kwao. Dereva wa kirikuu alikuwa anatutazama huku anatafuna muwa, akasema ana mzigo mwingine wa kupeleka mchana, kwa hiyo kama kuna mirathi ya kugawana tuigawane haraka.

Stoo ikazidi kuwa nyeupe. Lakini kadiri inavyokwisha, ndivyo Judith anavyopunguza mwendo. Akasimama mbele ya madumu mabovu.

“Haya unayapeleka wapi, shemeji?”

“Mikese.”

“Yametoboka.”

“Nitayaziba.”

“Yaache hapa.”

“Siyaachi.”

“Basi acha hata moja. Au acha hili gunia lililochanika. Litupie kule pembeni, ufunge mlango, uende zako.”

“Ili iweje?”

Akatazama nje, Happiness alikuwa anakuja kupokea mzigo. Judith akanyamaza mpaka mtoto akapita. “Acha tu kitu humu ndani,” akasema kwa sauti ya chini. “Usimalize leo. Nakuomba, shemeji.”

Ndugu zangu, hasira ilinipanda. Nikawaza, hawa watu wamechukua kiwanja, wamechukua kinu, sasa wanataka hata magunia yaliyochanika. Maskini akipata hasira, hata debe bovu linakuwa dhahabu.

“Shemeji,” nikamwambia, “kamwambie aliyekutuma, Amosi haachi humu hata punje ya karanga.”

“Sijatumwa na mtu.”

“Basi nisaidie kubeba au nipishe.”

Hakunipisha. Akanishika mkono wa shati, jambo ambalo hajawahi kulifanya. “Shemeji, mimi na Elia matangazo ya ndoa yetu yameshasomwa kanisani mara mbili. Limebaki moja.”

“Hongera,” nikamwambia.

Hebu fikirieni. Mtu ananishika shati anataka kuniokoa mimi na kujiokoa mwenyewe, mimi nampa hongera. Akaniachia, akanitazama kama mtu anayetazama sufuria ikichemka na kumwagika na hana kitambaa cha kuishikia. Halafu akaenda jikoni kuosha vyombo vya dada yake.

Nikabeba dumu la mwisho. Nikabeba gunia lililochanika. Kisha nikachukua ufagio.

Hapa naomba mnielewe. Mama yangu kule Gairo alinilea hivi, kwamba nyumba unayohama uiache safi, watu wasije wakasema waliishi na fisi. Hata ukifukuzwa, fagia kwanza, ndipo uondoke na heshima yako. Kwa hiyo niliifagia ile stoo kwa moyo wote. Nilitoa maganda ya karanga ya miaka yote ya ndoa yangu. Nilitoa mavi ya panya, utando wa buibui na vumbi la mahindi. Nilipofika mlangoni sakafu ilikuwa inameremeta, nikajiona mwanaume.

Ndipo nikasikia pikipiki zinazima mbele ya nyumba.

Alikuwa mzee Tomasi amevaa koti lake la misa, pamoja na wazee wenzake wa ukoo kutoka kule Matombo. Jumamosi. Siyo Jumapili. Nilitamani kukimbia, lakini ufagio ulikuwa mkononi, na mtu aliyeshika ufagio hawezi kukimbia kwa heshima.

“Shikamooni, wazee.”

“Marahaba, mkwe. Pole na kazi.”

“Nimeshapoa. Mjomba, si mlisema kesho?”

“Kesho siyo mbali na leo,” akasema. Akatazama gari, akatazama vitanda, hakuonyesha kushangaa. “Naona umemaliza.”

“Nimemaliza.”

“Na stoo?”

“Stoo ndiyo nilikuwa naimalizia.”

“Hujaacha kitu?”

Nikamkumbuka Judith na maneno yake, nikakaza shingo. “Hata punje moja, mjomba. Kila kilichokuwa changu nimetoa.”

“Umefagia wewe mwenyewe, au umefagiliwa?”

“Mwenyewe, kuanzia ndani mpaka mlangoni.”

Wazee wakatazamana. Mmoja akavua kofia. Mimi nikadhani wamefurahishwa na usafi, na nikakumbuka kwamba nimewasimamisha wageni uani kama watu wa kukusanya ushuru. Viti vilikuwa vimeshafungwa kwenye gari, nikaona nikageuze ndoo wakalie.

“Mjomba, hebu nishikie hii,” nikasema, nikampa ufagio.

Aliupokea kwa mikono miwili. Nilipoona ile mikono miwili nilitakiwa kujua. Mtu hapokei ufagio kama anapokea mtoto wa kubatizwa.

Nilizunguka nyuma ya jiko kutafuta ndoo. Niliporudi, mzee Tomasi alikuwa ameshachungulia stoo, ametazama sakafu, amevuta mlango. Akatoa kufuli mpya mfukoni, bado ina karatasi ya dukani, akafunga. Macho yake yalikuwa na machozi.

“Ahsante, mkwe,” akasema. “Umetuheshimu kuliko tulivyotegemea. Regina angekuwepo angejivunia.”

Sikuelewa, lakini mtu akikushukuru unaitikia. Nikasema si kitu. Kisha nikapaza sauti, “Happiness, panda gari tuondoke.”

Hakuna aliyeitika.

Judith alitoka jikoni, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. Akaona ufagio umeshikwa na mjomba wake. Akakaa chini hapohapo, mlangoni, juu ya kile kinu.

“Happiness anapanda gari kwenda wapi?” akauliza mzee Tomasi, kwa upole uleule.

“Mikese. Tunahamia Mikese.”

“Unahamia Mikese. Mtoto umemwacha.”

“Nimemwacha nani? Nani amesema?”

“Wewe. Sasa hivi. Mbele ya wazee.”

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu nilikuwa nimeifunga mwenyewe. Mzee Tomasi akaniketisha juu ya ndoo niliyoileta kwa ajili yake, akanieleza. Alinieleza taratibu kama unavyomwelekeza mgeni njia.

Akasema katika ukoo wao, ambao wenyewe wanauita lukolo, mke akifariki mume huwa hagusi ufagio wa stoo. Anatoa vitu vyake polepole, na kila siku anaacha kidogo. Dumu bovu, gunia, chochote. Maadamu kuna kitu chake humo ndani, yeye bado ni mkwe, na mazungumzo hayajafungwa. Anaweza kudai, anaweza kulia, anaweza kukataa, na wazee wanalazimika kumsikiliza. Lakini siku akiifagia mwenyewe mpaka mlangoni na kumkabidhi mjomba ufagio, basi amesema kwa mikono yake: nilichokuja nacho nimechukua, kilichozaliwa humu nimewaachia wenyewe.

“Mjomba,” nikamwambia, “mimi ni Mgogo. Mimi nilikuwa nasafisha.”

“Najua.”

“Hayo mambo sikuyajua. Hata Waluguru wenzenu niliokaa nao hapa Bigwa hawajawahi kuniambia.”

“Waluguru wengine siwezi kuwasemea. Huu ni utaratibu wa nyumba yetu. Regina hakukwambia?”

“Regina alijua nitamfagilia stoo baada ya kufa?”

Yule mzee aliyevua kofia akaivaa tena.

“Sikukupa ufagio,” nikasema. “Nilikuomba unishikie.”

“Nilikuuliza mara ngapi, mkwe? Nilikuuliza kama hujaacha kitu. Nilikuuliza kama umefagia mwenyewe. Ungesema neno moja tu, kwamba kuna gunia langu humo, ningeondoka na wazee hawa turudi kesho tugombane vizuri. Wewe ukajibu kama mtu anayejua.”

Nikamgeukia Judith. “Ulijua.”

“Nilikwambia uache kitu,” akasema, hakuninyanyulia macho. “Ningesemaje zaidi? Mimi ni mtoto wa ukoo. Nisimame nimfundishe mkwe mambo ya ukoo, nionekane nimewauza wajomba zangu? Nilikwambia kadiri mdomo wangu unavyoruhusiwa.”

Usilolijua ni usiku wa giza. Lakini mimi nilishikiwa taa, nikaipuliza.

Nikasimama. Nikawaambia wazee kwa heshima zote kwamba mila zao nazisikia, ila mtoto ni damu yangu, jina langu ndilo lililoandikwa shuleni, na leo nalala naye Mikese. Wakitaka kwenda baraza la kata tutakutana huko.

Nilidhani watapandisha sauti. Hawakupandisha. Mzee Tomasi alitikisa kichwa kama ananihurumia kweli, na hicho ndicho kilichonitisha. Mtu mkali unapambana naye. Mtu anayekuhurumia utampiga wapi?

“Mkwe,” akasema, “sisi hatutaki kukutenganisha na mwanao. Ungekuwa mtu mbaya ningekufungulia njia uende. Wewe si mbaya. Na nyumba hii ina mlango mwingine.”

“Mlango gani?”

“Regina ana mdogo wake.”

Judith aliinuka kwenye kinu kana kwamba kimekuwa cha moto.

“Ukikaa na Judith,” mjomba akaendelea, “kiwanja kina mwenyewe, nyumba ina mama, mtoto ana wazazi. Ufagio huu naurudisha kwenye pembe yake, na leo hatukuja.”

“Mjomba,” Judith akasema, “matangazo yameshasomwa mara mbili.”

“Matangazo ni kutangaza, mwanangu. Hayajawa ndoa.”

“Elia nimwambie nini?”

“Elia ana ukoo wake, watamtuliza.”

Sasa nikaelewa ile hongera yangu ilikuwa ya nini. Yule binti hakuja kunihesabia vitu. Alikuja kuzuia mlango usifungwe, maana alijua ukifungwa kwangu utafunguliwa kwake. Na mimi nikamwambia anisaidie kubeba au anipishe. Aibu niliyoisikia pale sijawahi kuisikia tena.

Nilimtazama Judith, naye akanitazama. Hakukuwa na mapenzi hapo, kulikuwa na watu wawili walionaswa kwenye mtego mmoja, kila mmoja anamwogopa mwenzake asije akajivuta.

“Hapana, mjomba,” nikasema. “Siwezi kumharibia binti wa watu harusi yake. Namchukua mwanangu, naondoka.”

“Mchukue,” akasema mzee Tomasi. “Sitakushika mkono. Mtoto akipanda gari kwa miguu yake, mimi nitakuwa sijaona ufagio.”

Sikuamini masikio yangu. Alikuwa ananiachia. Nikamwambia dereva awashe gari, nikaanza kumwita Happiness.

Mbele ya nyumba hayupo. Chumbani hayupo, na chumba chenyewe kilikuwa kitupu, hakina pa kujificha. Nikaenda nyuma kwenye migomba, kwenye kaburi la mama yake, maana hapo ndipo anapokaa akiwa na lake moyoni. Hayupo. Dereva akasema hajamwona tangu pikipiki zilipofika. Nikaanza kuita kwa sauti ya woga, majirani wakatoa vichwa.

Ndipo vumbi likadondoka kutoka kwenye upenyo wa juu ya mlango wa stoo, na tukasikia mianzi ya dari inalia.

“Mjomba, ufunguo.”

Alinipa bila neno. Kufuli mpya ilikuwa ngumu, mikono yangu nayo haikuwa na akili. Nilipovuta mlango, sakafu ilikuwa tupu, safi, kama nilivyoiacha. Nikainua macho.

Happiness alikuwa amekaa juu darini, miguu inaning'inia, amevaa sare ya shule, masizi yamemjaa usoni. Alipanda kwa vigingi vya ukutani, alivyokuwa akipandia mama yake, nilipokuwa nahangaika na ndoo na wazee wameupa mlango mgongo. Mzee Tomasi alipofunga alitazama sakafu, hakutazama juu.

“Mwanangu, nani amekufungia humu?”

“Nimeingia mwenyewe.”

“Shuka. Gari linawaka. Babu ameruhusu, tunaondoka wote.”

Hakushuka.

“Happiness, umesikia?”

“Nimesikia yote, baba.”

“Basi shuka.”

“Siendi Mikese.”

Nyuma yangu wazee walikuwa wamesogea mpaka mlangoni. Nilisikia wanavyopumua. Nikajaribu kucheka kidogo, kile kicheko cha mzazi mbele za watu. “Usiwaogope hawa. Hakuna atakayekushika.”

“Siwaogopi. Mimi ndiye niliyewaita.”

“Uliwaita nani?”

“Babu Tomasi. Jana jioni, ulipokuwa unaoga. Nilimpigia kwa simu yako. Nikamwambia kesho asubuhi tunahama, aje kabla hatujaondoka.”

Wiki zote hizi nimewasimulia mabaya yaliyonipata. Nimewasimulia msiba, nimewasimulia mzigo wa karanga ulioloa, nimewasimulia watu walionigeuka. Hakuna lililonipiga pale liliponipiga hili. Nilijishika kwenye fremu ya mlango.

“Kwa nini, mwanangu? Mimi si baba yako?”

“Ni baba yangu.”

“Kwa nini hukuniambia mimi?”

“Uliniambia tunahama,” akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka, ya mtu mzima. “Ukaniambia nikunje nguo. Ukaniambia nibebe madumu. Hukuniuliza. Mama yuko hapo nyuma. Shule yangu iko hapo. Ungeniuliza ningekwambia.”

Dereva akapiga honi. Akapaza sauti kutoka njiani, “Mzee, tunakwenda au nishushe vitu? Mwenzio nina mteja.”

Nilikuwa ndani ya stoo, mtoto juu yangu, wazee nyuma yangu, maisha yangu yote yamefungwa kamba juu ya kirikuu cha mtu mwenye haraka. Nikimvuta mtoto kwa nguvu, nampoteza. Nikiondoka, nampoteza. Nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku nyingi zilizopita.

“Haya,” nikasema. “Nakuuliza sasa. Happiness, mwanangu, wewe unataka nini?”

Aliangalia mikono yake yenye masizi. Kisha akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama yake.

“Nataka ubaki, baba,” akasema. “Nataka tubaki wote hapahapa.”

Nyuma yangu mzee Tomasi akakohoa. Nikasikia ufagio unarudishwa kwenye pembe yake, taratibu.

“Judith, mwanangu,” akaita, “hebu sogea hapa.”